Jioni ya slaidi za Angkor hapa Ngamiani: nyota nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya viti

Haya wapendwa, wale mnaoniulizaga Tanga wikendi mtu unaenda wapi ukiacha Raskazone kupunga upepo, nimepata jibu na sio lile mnalolitegemea. Kuna mgahawa wa chai Ngamiani, ghorofani juu ya duka la vitambaa, jina silitaji sababu mwenyewe kaniomba, kaniambia mwanangu andika utakavyo ila jina usiweke, viti vyenyewe ninavyo ishirini na sita, wakija watu mia nitawakalisha wapi, kichwani kwangu? Basi pale Jumamosi moja kila mwezi, baada ya swala ya Isha, wanaweka jioni ya slaidi, anakuja mtu aliyewahi kuishi nchi fulani ya mbali anaonyesha picha na anasimulia, unalipa elfu tano na humo humo kuna chai na sahani moja ya vitafunwa. Mwezi huu ilikua Wakhmer wa zamani, wale wa Angkor huko Kambodia, na habari za dini zao. Mlangoni wamebandika karatasi imeandikwa kwa makapeni nyekundu UFALME WA KUVUMILIANA.

Mi mwenyewe nisingeenda, nilienda kwa ajili ya mama mdogo. Yeye alisikia kwamba msimuliaji ni yule kijana aliyekua anafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, akasema huyo mtu lazima akamuone kwa macho yake, maana kwetu Muheza panya buku ni mwizi wa mahindi basi, hana cheo kingine. Kwa wasiojua, lile shirika la APOPO lililoko Morogoro linafundisha panya pale pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, afu wengine wanapelekwa Kambodia kutafuta mabomu yaliyobaki toka enzi za vita, na yule Magawa aliyepewa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 alikua mzaliwa wa hapa hapa bongo, akahudumia Siem Reap mpaka akastaafu, akafa Januari 2022. Sasa Siem Reap ndo mji ulio jirani kabisa na magofu ya Angkor, kwa hiyo huyu kaka alipokua huko siku za mapumziko akawa anapanda baiskeli anaenda kuzunguka kwenye mahekalu, miaka mitatu, na picha akapiga mpaka simu ikajaa.

Sasa lile neno la mlangoni. Kuvumiliana. Mi kuvumilia nakujua, unavumilia jino, unavumilia mpangaji mwenzio anaefungulia redio saa kumi alfajiri. Ukisema watu wa dini mbili wanavumiliana ni kama umesema kila mmoja anamuona mwenzie ni jino bovu. Mama mdogo alilisoma pale mlangoni akaguna, akasema sie zamani tukisema kuchukuliana. Na kiukweli baada ya masaa mawili na nusu naona neno lake lilikua linafaa zaidi kwa hawa Wakhmer, maana mtu unamchukua na uzito wake, na kuna siku unachoka unamtua.

Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu, madirisha yanatazama barabarani, wametundika shuka jeupe ukutani ndo skrini, lina mshono katikati kwa hiyo kila mfalme aliyetokea siku ile alikua na kovu puani. Projekta nzuri tu, inaonekana vizuri hata kwa waliokaa nyuma. Viti ndo maafa. Ni vile vya plastiki vyembamba, changu mguu mmoja umefungwa na kamba ya katani (Tanga oyee) na kila nikicheka kinalia kama mlango. Siti za kule dirishani zina mito, ila hizo ziliwahiwa na wazee waliotoka msikitini mapema, na haki yao. Spika ilikua inakoroma mwanzoni, kaka akaizima akaongea kwa sauti yake, bora zaidi.

Nilichompendea hakuanza na Angkor Wat. Ile ya minara kila mtu keshaiona hata kwenye kalenda. Alianza na sanamu moja la jiwe, mwanaume kasimama wima, akasema msiangalie mwili angalieni kichwa tu. Tukaangalia. Upande mmoja nywele zimesukwa zikapandishwa juu kama za mtawa wa porini, upande wa pili kofia ndefu, laini, haina hata mkunjo. Kwenye paji la uso kuna jicho la tatu ila ni nusu jicho, limeishia katikati, puani hapo linakatika. Huyo anaitwa Harihara, nusu ni Shiva na nusu ni Vishnu, miungu wawili wakubwa wa Kihindu kwenye mwili mmoja, na Wakhmer karne ya 7, kabla hata Angkor haijawa mji, walikua wanampenda kweli. Mzee mmoja akauliza, kwa hiyo walikua wanamgombania wakaamua kumgawa? Watu wakacheka, ila kaka hakucheka, akajibu kwamba hata mji mkuu wa mwanzo mwanzo pale kwenye uwanda wa Angkor uliitwa Hariharalaya, yani makazi ya Harihara, mtu hauiti mji wake jina la kitu cha kupatanishia ugomvi wa siku mbili. Nimelifikiria sana hilo jibu.

Afu akaturusha harakaharaka, mwaka 802 Jayavarman wa 2 kapanda mlima Kulen, mabrahmani, yani makuhani wa Kihindu, wakamfanyia ibada akawa mfalme wa wafalme, sawa, hapo alipita mbio kidogo na hakua na ramani, kwa hiyo kama ulikua hujui Kambodia iko wapi ulibaki unashangaa hapo hapo. Hili nimemwambia mwenyewe, kasema mara ijayo atachora.

Alipotulia ni kwa Yasovarman, mfalme wa kuelekea mwaka 900. Huyu alichimba bwawa kubwa lina urefu zaidi ya kilomita 7, mashariki mwa mji wake, na upande wa kusini wa bwawa akajenga vituo vya watawa, tuviite zawia kwa lugha yetu ingawa wao wanasema ashrama. Kimoja cha watu wa Shiva, kimoja cha watu wa Vishnu, kimoja cha Wabudha. Kila kimoja kikasimamishiwa jiwe lenye kanuni, na kanuni zenyewe karibu zinafanana neno kwa neno, kama mtu kapiga fotokopi akabadilisha jina tu. Nani apokelewe, wazee na watoto na wagonjwa wasio na mtu wapewe chakula, mwalimu apate mgao gani. Na kwenye mgao, nisikilizeni, kuna mchele, kuna tambuu, kuna popoo, na kuna miswaki. Imechongwa kwenye jiwe! Mama mdogo ambae mkoba wake hautoki nyumbani bila kijaluba aligeuka akaniangalia kama amepata cheti.

Hapa ndo nikaona huyu kaka sio wa kutupaka asali. Maana angeweza kuishia hapo, kwamba tazama jamani, dini tatu, kanuni moja, mfalme mwema, tupige makofi. Badala yake akarudisha slaidi nyuma akasema kwenye lile jiwe la Wabudha kuna mstari mmoja unasema mwalimu aliyebobea kwenye mafundisho ya Budha aheshimiwe, ila kidogo chini ya brahmani msomi. Kidogo. Wameandika. Ukumbi ukagawanyika hapo hapo, dada mmoja mbele akasema basi huo ni ubaguzi wa waziwazi, mzee wa dirishani akasema hapana, ukiandika ukweli kwamba huyu anakaa kiti cha kwanza na yule cha pili, wote wamepata viti, mbaya ni yule asieandikwa kabisa. Mi niko katikati. Ila napenda kwamba ilichongwa, haikufichwa, mtu wa cha pili alikua anajua kabisa yuko cha pili na anajua mswaki wake hauguswi.

Kuna mtu mwingine kamtaja ambae jina lake nilimwomba anitajie mara tatu nikaandika kwenye risiti, Kavindrarimathana. Jamaa alikua Mbudha, na ni mtu mkubwa kwa mfalme Rajendravarman kwenye miaka ya 950. Mfalme anataka hekalu la Shiva katikati ya lile bwawa kubwa, kwenye kisiwa, nani asimamie ujenzi? Mbudha. Akalisimamia, lipo mpaka leo wanaita Mebon ya Mashariki, na pembeni huko akajijengea yeye hekalu lake dogo la Kibudha lenye minara mitatu, Bat Chum. Fundi mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti sasa hapo cha ajabu nini, mi mwenyewe nimeezeka kanisa Chumbageni na ijumaa nikaenda zangu kuswali, mchungaji ndo aliyenikumbusha saa. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Mapumziko. Chai, jamani, chai. Ya maziwa, tangawizi ya kweli imepondwa sio ya unga, iliki ipo ila haijakufokea, inakuja kwenye birika na sio thamosi kwa hiyo inafika ya moto. Sahani ina katlesi mbili, bajia tatu, na kipande cha mkate wa kumimina. Katlesi namba moja, nyama imekolea limao, ganda linakatika. Bajia zilikua zimekaa, samahani mwenye mgahawa, zimekaa, na chatini ya nazi iliisha kabla haijafika meza yetu. Mkate wa kumimina sina neno nao. Choo kisafi ila taa yake inabidi ushikilie swichi.

Sehemu ya pili ilikua ya Jayavarman wa 7, huyu alishika ufalme 1181 baada ya mji kuvamiwa na Wacham, majirani zao wa upande wa Vietnam ya leo, na yeye alikua Mbudha wa Mahayana, tawi mojawapo la Ubudha, wa kulipuka. Alijenga kama mtu anaefukuzwa. Hospitali peke yake 102, zimetajwa kwenye jiwe la hekalu la Ta Prohm la mwaka 1186, na mawe ya hospitali zenyewe yanasema mlango uko wazi kwa watu wa tabaka zote, na kuna mahali wameandika kwamba maumivu ya raia ndo yaliyokua yanamuuma mfalme kuliko maumivu yake mwenyewe. Mama mdogo akasema hiyo imeandikwa na nani, mfalme au raia? Kaka akasema mfalme, mama. Akasema haya.

Ila slaidi iliyonikaa ni ramani ya Preah Khan, hiyo sasa alikua nayo ramani, kachora kwa mkono. Ni hekalu la 1191. Katikati kamweka Lokeshvara, yule wa huruma wa Kibudha, kwa sura ya baba yake mfalme. Ukienda upande wa magharibi ni kwa Vishnu. Kaskazini kwa Shiva. Kusini kwa wafalme waliotangulia. Sanamu 515 zimehesabiwa kwenye jiwe lao. Na humo ndani ukisimama katikati unaona milango inafuatana kila upande mpaka macho yanachoka, kwa hiyo kuhani wa Vishnu akitoka kwake akanyoosha anatokea kwa Lokeshvara, hana njia nyingine. Nyumba ni ya Mbudha, sebule ni yake, ila vyumba kavitoa na funguo kavitoa. Hapo ndo mama mdogo akaninong'oneza tena, umeona, kuchukuliana.

Na watu waliopangiwa kulihudumia hilo hekalu moja, kwa mchele na kazi, ni 97,840. Andika tena kwa tarakimu, 97,840. Vijiji na vijiji. Uwajaze uwanja wa mpira wa Mkwakwani, waje wengine, waje wengine, bado foleni iko Barabara ya 20. Hili kaka alilitaja akapita, na mi nalalamika hapa, maana ukisema dini zote zilipata nafasi lazima uulize mchele ulitoka mgongoni kwa nani. Aliyekua analima kule kijijini huenda hakuulizwa kama mchele wake unaenda kwa Shiva au kwa Budha. Dakika kumi angeweka hapo ningempa nyota zote hata na viti vile.

Sasa alikua ndo anaingia kwenye Bayon, lile lenye minara ya nyuso, uso wa kwanza umetokea kwenye shuka, kovu puani, umeme ukakata. Puu. Kila mtu aaaah. Jenereta ipo ila mafuta hamna, kijana katumwa na kidumu. Mwenye mgahawa anawasha mishumaa anaomba radhi. Na hapa nataka niseme, kama umeme usingekata ningewapa nyota tatu na nusu, maana kilichofuata ndo kilikua kitamu cha usiku mzima.

Kaka hakukaa. Akasema picha inayofuata ni bora muione kwenye simu, akaifungua akampa mzee wa kwanza, akasema ipiteni mkono kwa mkono, kila mtu akuze aangalie katikati ya tao. Basi kimya, simu inapita gizani, uso wa kila mtu unawaka kidogo afu unazimika, inaenda kwa jirani. Ilipofika kwangu niliona ukuta wa mawe, juu yake safu ya vitao vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa majani yaliyochongwa kwa subira kabisa, jani moja moja, mishipa ya jani unaiona. Na ndani ya tao, pale alipokua amekaa Budha, hamna. Sio kwamba hamkuwekwa kitu, ila kuna kovu lina umbo la mtu aliyekaa, mabega unayaona, magoti unayaona, na juu yake mistari ya patasi imekwenda sambamba kama nazi iliyokunwa na mtu asiekua na haraka. Tao hadi tao. Majani hakuyagusa hata moja. Nikasogeza picha pembeni, moja hakulifuta kalibadilisha tu, Budha kageuzwa mtawa wa Kihindu anaeomba. Kaka akasema na mengine yaligeuzwa linga, lile jiwe la Shiva.

Hiyo ni karne ya 13, baada ya Jayavarman wa 7 kufa. Wataalamu wengi wanambandika Jayavarman wa 8 aliyetawala mpaka 1295, ingawa bado wanabishana. Na Budha mkubwa aliyekua katikati ya Bayon, karibu mita 4, alivunjwa vipande akatupwa kwenye shimo chini yake hapo hapo, mpaka Mfaransa Georges Trouvé alipomkuta mwaka 1933, wakamuunga wakamsimamisha tena. Dada wa mbele akasema kwa hiyo UFALME WA KUVUMILIANA ndo huu? Na kaka, kwa haki yake, akasema dada mi hiyo karatasi sikuiandika mimi. Mwenye mgahawa akakohoa.

Mi kilichonigusa ni yale majani. Yule mtu wa patasi alitumwa Budha, akafuta Budha, majani akayaacha, labda na yeye aliyachonga babu yake. Hakubomoa hekalu. Hata Shiva wakati wake alihamia tu kwenye nyumba ya mwenzie, hakuichoma. Sisemi ni vizuri, nasema ndo ilivyokua, walimtua jamaa chini kwa muda.

Kwa muda kweli, maana kabla ya umeme kurudi akatusimulia Mchina mmoja, Zhou Daguan, ofisa aliyefika Angkor na ujumbe wa mfalme wa China mwaka 1296, akakaa karibu mwaka akaandika kila alichokiona. Yani patasi bado zina vumbi, mwaka mmoja baadae, na Mchina anakuta aina tatu za watu wa dini wanatembea mji mmoja. Kuna wasomi wa Kihindu, wamevaa kama watu wengine ila shingoni wana uzi mweupe. Kuna watawa wa Kibudha, vichwa vimenyolewa, nguo ya njano, bega la kulia wazi, pekupeku, wanakula samaki na nyama ila pombe hapana, na mlo ni mmoja kwa siku. Mfalme akiwa na jambo zito anawaita hao. Na kuna wale wa tatu, watu wa Shiva, wanaabudu jiwe tu, mahekalu yao madogo na wamepungua nguvu, na hawa, Mchina kashangaa, hawali chakula cha mtu mwingine wala hawakubali uwaone wakila.

Ukumbi mzima ukacheka kicheko cha kujuana, na nawaeleza kwa nini nyie msiokua wa huku. Sisi Wabondei ukoo mmoja una watu wa Magila kanisani na watu wa msikitini, baba mmoja mama mmoja. Mwaka jana tumemzika bibi, Mkristo, mazishi na padri na nyimbo, na kuku wote wa msiba walichinjwa na mjomba ambae ni mwalimu wa madrasa, toka saa kumi na moja alfajiri kasimama na kisu chake uani anachinja, kuku hamsini na kitu, ili mradi sufuria iwe moja na mtu yeyote atakaefika ale bila kuuliza. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivo. Wala hakuna aliyemshukuru, angeshukuriwa angekasirika. Kwa hiyo ukituambia habari ya nani anakula kwa nani, sie tunaelewa haraka kuliko mambo ya patasi.

Umeme ukarudi (wenyewe, yule kijana wa kidumu hajarudi mpaka naandika hapa), maswali yakaanza. Mzee wa dirishani akauliza lile lililokua linamkera muda wote, Waislamu je, hawakuwepo? Kaka akasema wakati wa Angkor yenyewe sio habari yao, ila baadae Wacham wengi waliosilimu walihamia Kambodia, na kuna mfalme wa Kambodia aliyeshika kiti mwaka 1642 akasilimu, akajiita Ibrahim, akatawala mpaka alipopinduliwa 1658. Mzee akarudi nyuma kwenye mto wake ameridhika kabisa, akaomba jina litajwe tena.

Mwingine, kijana, alikua na hasira kidogo, akasema ndugu yangu haya yote si masanamu tu na ushirikina, tunajifunza nini. Nilidhani hapo patachafuka. Kaka akamjibu polepole, kwamba Kambodia leo karibu wote ni Wabudha wa Theravada, tawi lingine sio lile la Jayavarman wa 7, lakini ukiingia Angkor Wat kwa lango la magharibi unamkuta Vishnu mkubwa mwenye mikono minane, toka hekalu lilivyokua lake enzi za Suryavarman wa 2 karne ya 12, leo wanamwita Ta Reach, wamemvisha kitambaa, na bibi wa Kibudha anapita anamwekea uvumba kabla hajaingia kwa Budha. Na kijijini kila mti mkubwa una neak ta wake, mzimu wa mahali, hakuna mfalme aliyemweka na hakuna aliyeweza kumtoa. Afu akauliza, nani hapa kaenda mapango ya Amboni akaona kule mzimuni nani anaweka chupa za marashi? Kimya. Kijana mwenyewe akaangalia chini akacheka. Tanga tunajuana.

Kwa hiyo hukumu yangu. Msimuliaji safi, anajua, hakujipendekeza kwa mada yake. Elfu tano ni halali kwa chai peke yake. Muda umezidi kidogo, kama una mtoto mdogo mwache. Waweke ramani toka mwanzo, wanunue lita mbili za mafuta waweke ndani, chatini iongezwe, na hivyo viti wawape mafundi wa Barabara ya 9 wawatengenezee mabenchi, hata bila mito. Na ile karatasi ya mlangoni, nimeona wakati tunashuka kuna mtu kaichukua makapeni kakata KUVUMILIANA kwa mstari mmoja, kaandika juu yake kwa mwandiko wa kulala neno lingine, na sitamtaja ila kijaluba chake kilikua mkononi.

Yeye ndo alikua wa mwisho kutoka. Masaa yote yale alisubiri swali lake moja, akamfuata kaka anakunja shuka, akasema shikamoo yako nimeipokea mwanangu, sasa niambie, wale panya mnawalipa nini? Kaka akasema ndizi mama, akifanya vizuri anapewa ndizi, na karanga. Mama mdogo akakaa kimya kidogo. Akasema wa kwangu anakula mahindi mabichi shamba zima na hajawahi kunionyesha hata sindano iliyopotea.

Mwezi ujao wanasema ni Zanzibar ya zamani, anakuja mtu mwingine. Fikeni kabla ya Isha, siti ya dirishani ile ya tatu nimeshaiwekea kanga.